Shaaban Robert (1909–1962): Maisha Yake na Dhana ya Kukua katika Fasihi

Utangulizi

Watahiniwa wengi wa Dar es Salaam hulijua jina la Shaaban Robert kabla ya kusoma kitabu chake hata kimoja. Ni jina la mtaa uliopo Makumbusho ya Taifa, na ni jina la shule ya sekondari iliyoko Upanga. Katika mada hii tutalichukua jina hilo kama jina la mtu: mtoto aliyezaliwa kijijini, akasoma miaka michache, akafanya kazi ya ukarani kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huohuo akawa mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili wa wakati wake.

Tunayasoma maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, swali la kukua kwa kijana hujitokeza mara kwa mara katika vitabu vya Kidato cha Nne, na watahiniwa wengi hulijibu kwa kutaja umri wa mhusika peke yake. Pili, maisha ya Shaaban Robert yanaonyesha wazi kwamba kukua ni jambo jingine kabisa na kuongezeka umri. Mtu hukua pale anapokutana na jaribu, akafanya uamuzi, na uamuzi huo ukambadilisha. Shika maelezo hayo, maana tutayatumia hadi mwisho wa mada.

Kuzaliwa na utoto

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alijihesabu kuwa Mswahili, na lugha aliyokulia ndiyo aliyoitumikia maisha yake yote.

Alizaliwa wakati Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani. Mwezi Novemba 1914, akiwa na umri wa miaka mitano, majeshi ya Waingereza yalijaribu kuuteka mji wa Tanga yakashindwa. Mwaka 1916 Waingereza waliuchukua mji huo. Kwa hiyo, kabla hajafikisha miaka 10, mtoto huyu alikuwa ameona vita vikipiganwa karibu na kwao na serikali moja ikiondoka na nyingine ikiingia. Zingatia jambo hili unapozungumzia mazingira yaliyomkuza mwandishi. Mtu aliyeona watawala wakibadilishana nchi bila wananchi kuulizwa, si ajabu baadaye akaandika sana juu ya haki, sheria na utawala.

Elimu: miaka minne Dar es Salaam

Kati ya mwaka 1922 na 1926 Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam katika Shule ya Msimbazi. Mwanafunzi wa Buguruni halioni jina hilo kuwa geni. Bonde la mto Msimbazi lipo jirani, na ukipanda daladala ya Kariakoo kutoka Buguruni Sheli kwa barabara ya Uhuru, ukapita Malapa na Ilala, utafika kwenye barabara ya Msimbazi. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa mji mdogo usiofanana na wa leo, lakini kijana aliyetoka Tanga kuja kusoma hapa aliacha nyumbani kama wanavyoacha wengi waliopanga vyumba Buguruni hivi sasa.

Alipofanya mtihani wa kumaliza shule alishika nafasi ya pili kati ya watahiniwa 11, akapata cheti. Tazama idadi hiyo kwa makini. Watahiniwa 11 ni wachache kuliko wanaokaa katika mistari miwili ya darasa lako. Chini ya ukoloni nafasi za masomo kwa Mwafrika zilikuwa chache mno, na hata aliyefaulu vizuri alikuta mlango wa mbele umefungwa. Hakwenda chuo kikuu. Elimu yake ya darasani iliishia hapo, akiwa na umri wa miaka 17.

Hapa ndipo penye jaribu la kwanza la maisha yake. Kijana mwenye akili, aliyefaulu, ameambiwa kwa vitendo kwamba masomo yamekwisha. Angeweza kukubali kwamba na kujifunza nako kumekwisha. Hakukubali. Kila kitabu alichoandika kiliandikwa baada ya shule kumalizika, na maarifa yaliyomo aliyatafuta mwenyewe kwa kusoma, kusikiliza na kuandika.

Kazi: karani wa serikali

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha. Alikaa katika idara hiyo hadi mwaka 1944, na moja ya vituo vyake ilikuwa Pangani, mji wa zamani wa pwani ulio mlangoni mwa mto. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa, bara, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudi Tanga akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, kisha katika ofisi ya upimaji ardhi hadi alipostaafu.

Ukarani ulikuwa kazi ya heshima kwa Mwafrika wa wakati huo, lakini ulikuwa na dari. Karani aliandika barua za wengine, alijaza daftari za wengine, na aliyekuwa juu yake alikuwa Mzungu. Uwezo mkubwa haukutosha kumvusha. Shaaban Robert aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na saa zilizobaki akazifanya zake. Tangu miaka ya 1930 mashairi yake yalikuwa yakisomwa katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu. Polepole karani wa forodha akafahamika nchi nzima kama mshairi.

Msiba na malezi

Jaribu la pili lilimfika nyumbani. Mke wake, Amina, alifariki dunia. Shaaban Robert alimlilia katika shairi linaloitwa kwa jina la marehemu, mojawapo ya mashairi ya maombolezo yanayofahamika zaidi katika Kiswahili. Msiba huo ulimwachia pia wajibu wa kulea watoto bila mama yao.

Kutokana na wajibu wa mzazi zilipatikana tenzi mbili zinazohusu moja kwa moja mada yetu ya kukua. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Zote ni mawaidha ya mzazi kwa kijana anayeelekea utu uzima: dini, adabu, kazi, uhusiano na watu, na namna ya kujitawala. Kwa umbo, utenzi huwa na beti zenye mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani nane. Umbo hilo fupi hukaa kichwani kwa urahisi, ndiyo maana lilifaa kwa mafunzo.

Shaaban Robert hakuanzisha desturi hiyo. Mwaka 1858, katika pwani ya kaskazini ya Kenya, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao hadi leo unasomwa. Kwa hiyo fasihi ya vijana katika Kiswahili haikuanza na vitabu vyenye picha madukani. Ilianza na mzazi anayemwachia mtoto maneno ya kumwongoza.

Mtahiniwa anaruhusiwa pia kuhoji. Mawaidha kwa binti yanafuata desturi za wakati wake, hasa kuhusu nafasi ya mke mbele ya mume. Ukiulizwa kama ujumbe wa tenzi za zamani unafaa kwa jamii ya leo, usiseme unafaa wote au haufai wote. Tenganisha: bidii, ukweli na heshima bado vina nafasi, utii usiohojiwa unajadilika.

Uandishi: wahusika wanaokua na wasiokua

Miaka ya 1940 na 1950 ndiyo iliyoona kazi zake nyingi. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Aliandika pia wasifu wa mwimbaji wa Zanzibar, Siti binti Saad, na utenzi mrefu wenye takribani beti 3,000 kuhusu vita vya mwaka 1939 hadi 1945, uitwao Utenzi wa Vita vya Uhuru. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka baada ya kifo chake. Maisha yake mwenyewe aliyasimulia katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini.

Wahakiki wengi husema kwamba wahusika wake ni bapa. Mhusika bapa ni yule asiyebadilika toka mwanzo hadi mwisho, tofauti na mhusika duara ambaye hubadilika kulingana na mazingira. Hoja hiyo ina nguvu. Majina yenyewe yanatangaza tabia: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Majivuno ana majivuno. Lakini mtahiniwa makini asiishie hapo. Atazame kazi moja moja aone nani anabadilika.

Katika Adili na Nduguze, Adili ni liwali wa Janibu chini ya mfalme Rai wa Ughaibu. Kila usiku huwaadhibu manyani wawili, tena kwa uchungu, kwa sababu manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa ubaya waliomtendea. Adili alikuwa amegawana nao mali yake walipoharibikiwa, nao wakamlipa kwa kumtosa baharini. Ukiuliza ni nani anayekua katika hadithi hiyo, jibu la haraka ni Adili, kwa kuwa ndiye shujaa. Jibu hilo ni dhaifu. Adili ni mwema mwanzo na mwema mwisho. Wanaosafiri mbali zaidi ni ndugu zake: kutoka ubinadamu wenye husuda, hadi unyani, hadi kusamehewa na kurudishiwa umbo la binadamu. Mwandishi anatuonyesha kwamba mtu anaweza kupoteza utu kwa matendo yake, na kwamba kuurudisha kunahitaji adhabu, toba na msamaha wa aliyekosewa.

Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mema ya kuiletea Kusadikika, wakaishia kuadhibiwa waliporudi. Karama habadiliki, anayekua ni jamii. Mfalme na baraza lake wanaanza wakiogopa elimu na kumaliza wakilazimika kuisikiliza. Kitabu hiki kiliandikwa chini ya serikali ya kikoloni, na nchi inayoelea hewani ilimpa mwandishi kificho cha kusema juu ya nchi iliyo ardhini.

Katika Utubora Mkulima, Utubora anaacha kazi na fedha za mjini anakwenda kijijini kulima. Hapa kukua ni kuchagua. Kijana anatambua kwamba cheo na mshahara si kipimo pekee cha mtu. Tukikumbuka kwamba mwandishi alikuwa karani kwa miaka mingi, tunaelewa kwa nini swali hilo lilikuwa zito kwake.

Miaka ya mwisho

Kazi yake ilipata kutambuliwa. Alipewa tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Uingereza. Alikuwa mjumbe wa kamati iliyosimamia Kiswahili Afrika Mashariki, na alijiunga na TANU. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Mtoto aliyezaliwa chini ya Wajerumani, akasoma na kufanya kazi chini ya Waingereza, akaishi hadi kuiona bendera ya nchi yake ikipanda. Hakuishi nayo muda mrefu. Alifariki dunia Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53.

Namna ya kutumia mada hii katika mtihani

Ukiulizwa juu ya ukuaji wa mhusika, mchunguze kwa hatua nne:

(a) Alikoanzia: alikuwa na hali gani na alijua nini?
(b) Jaribu: ni jambo gani lililomlazimisha kutoka alipokuwa?
(c) Uamuzi: alichagua nini, na kwa gharama gani?
(d) Alikofikia: nini kimebadilika ndani yake au katika jamii yake?

Tumia hatua hizo kwa mwandishi mwenyewe kama zoezi. Alianzia Vibambani. Jaribu lilikuwa elimu iliyokatika, kazi yenye dari na msiba wa nyumbani. Uamuzi ulikuwa kuendelea kujifunza na kuandika. Alikofikia ni fasihi tunayoisoma leo.

Kisha zitumie kwa riwaya zilizozoeleka kutahiniwa. Katika Takadini ya Ben Hanson, mtoto mwenye ualbino anazaliwa katika jamii inayotaka afe, na mama yake, Sekai, anatoroka naye. Jaribu linaanza kabla mtoto hajajua kusema. Takadini anajifunza kupiga mbira kwa mzee Chivero, anapendwa na Shingai, na mwisho anasimama kama mtu kamili mbele ya waliomwona mkosi. Usiandike tu kwamba alikua akaoa. Andika nini kilimwezesha kujiona ana thamani.

Katika Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa mahitaji, huku mama akihangaika na biashara ya chakula na baba akizama katika ulevi. Mwanafunzi wa Buguruni hahitaji kufafanuliwa mama ntilie ni nani. Anampita kila asubuhi akienda shule. Hapa utaona kukua kwa namna nyingine: mtoto anayelazimishwa na umaskini kuwa mtu mzima kabla ya wakati. Hoja nzuri ni kutofautisha ukuaji wa namna hii, ulio wa kulazimishwa, na ule wa Utubora aliyechagua mwenyewe.

Tahadhari: maisha ya mwandishi hayawi jibu badala ya kitabu. Swali likihusu riwaya, hoja na mifano vitoke ndani ya riwaya.

Hitimisho

Mtihani wa Kidato cha Nne ni mlango muhimu, na ni haki yako kuuingia ukiwa umejiandaa. Shaaban Robert naye alifanya mtihani wake wa mwisho akiwa na umri unaokaribia wako, akafaulu, na bado mlango uliofuata ulikuwa umefungwa. Nafasi ya pili kati ya 11 haikumfanya mwandishi, na kukosa chuo hakukumzuia. Kilichomkuza ni jinsi alivyoitumia miaka iliyofuata, jioni baada ya jioni, baada ya daftari za ofisi kufungwa. Hilo ndilo utakalolikuta ukimfuatilia mhusika yeyote anayekua kwelikweli: kazi kubwa hufanyika baada ya jaribu, mahali ambapo hakuna anayesahihisha.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya mhusika bapa na mhusika duara kwa kutumia Adili, Hasidi na Mwivu.
2. Taja mambo matatu katika maisha ya Shaaban Robert yaliyoathiri dhamira za kazi zake, na ueleze kila moja.
3. "Umri pekee hautoshi kumfanya mhusika akomae." Jadili kauli hii kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma.
4. Linganisha mchango wa Mwana Kupona na Shaaban Robert katika tenzi za mawaidha kwa vijana. Ni mawaidha ya aina gani ungeyahoji leo, na kwa nini?
5. Chagua mhusika mmoja kijana katika tamthiliya uliyosoma, kisha umchunguze kwa hatua nne zilizotolewa katika mada hii.